Kuonja Si Kula

Siku Bi Nadhira alipoharibu mofa kwa mara ya kwanza maishani mwake, yeye mwenyewe hakujua. Aliyejua ni Nyamvula, muuza mboga, jirani yake wa ukuta kwa ukuta pale Mishomoroni. Alikuwa ameketi kibarazani na sahani ya samaki wa kupaka mapajani. Akamega kipande cha mofa, akakitia mdomoni, halafu akaacha kutafuna.

"Mama Jalila," akasema, "hii mofa ya leo umewapikia watu, ama umewapikia samaki waliobaki baharini?"

Bi Nadhira alidhani ni mzaha, maana Nyamvula kwa mizaha hajambo. Naye akamega, akatafuna. Hakusikia kitu. Hakusikia chumvi, wala uchachu, wala ule utamu wa mtama unaokuja nyuma kwa kuchelewa. Ilikuwa kama kutafuna kitambaa. Akamwita mumewe, Mzee Jamaludin, aliyekuwa ndani akisikiliza redio. Mzee alionja, akanywa gilasi nzima ya maji, kisha akajibu kwa adabu ya mtu aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi.

"Imekolea."

"Imekolea vipi, Baba Jalila?"

"Imekolea sana."

Tuelewane mapema, maana siku hizi kila kitu cha mviringo huitwa chapati. Mofa ni mkate wa unga wa mtama uliokandwa kwa tui kidogo. Unachachushwa usiku kucha, kisha unabandikwa kwa kiganja kilicholowa maji kwenye ukuta wa tanuri la udongo, moto ukiwa chini. Mbandikaji akiogopa moto, mkate unaanguka ndani. Akizubaa kuubandua, unaungua. Wala hauchachushwi kwa hamira ya pakiti. Mwenye mofa ana chachu yake, donge la unga wa jana lililobakizwa junguni, likaongezwa unga mpya na maji, likalala, likaamka. Jungu la Bi Nadhira halijakaa tupu tangu mamake alipokuwa mwari. Anayeniambia hiyo ni sawa na mkate wa dukani, namwacha na mkate wake.

Mamake aliianzia mofa hiyo Kibokoni, kule mjini, kwenye nyumba ya ngazi za mawe na ua wa ndani. Alfajiri za Ijumaa wanawake walikuwa wakiingia uani na mabakuli yaliyofunikwa kawa. "Hodi, tumekuja kuomba chachu." Haikuuzwa. Chachu huombwa, na unayempa leo ndiye utakayemwendea wewe siku chachu yako itakapokufa. Mama yule hakuwa na kikombe cha kupimia wala mizani. Alichovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho. Akisema "Bado," watu wakangoja. Akisema "Haya," tanuri likawashwa. Nadhira mdogo alikuwa akisimama karibu yake, kanga imemzidi urefu, akilisubiri neno hilo. Na siku mamake aliposema, "Hebu onja wewe, mwanangu," alijiona kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuja kuuzwa, warithi wakagawana, kila mtu akashika njia yake. Siku ya kuhamia bara kulikuwa na lori la vitanda na makabati, na mamake akakataa katakata kulitia jungu lile ndani ya lori. Alilipakata mapajani mwake kiti cha mbele, toka Kibokoni, wakavuka daraja la Nyali, mpaka Mishomoroni, analifunika kwa ncha ya buibui kila gari likiruka shimo. Dereva alimuuliza kama amebeba mtoto. Bi Nadhira hadi leo akilisimulia hilo hucheka.

Wale wanawake wa mabakuli wameshakwenda mbele ya haki, au wamehamia mbali, au wamehamia kwenye hamira ya pakiti, ambayo nayo ni kifo cha namna yake. Mamake naye ni miaka mingi sasa yuko chini ya mchanga. Ladha ya mofa ile ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, napo ni ulimi wa Bi Nadhira. Sasa ulimi wenyewe ndio huo, haujui chumvi.

Jioni ile alijitazama kwenye kioo, akautoa ulimi nje. Ulikuwa na utando mweupe mzito, kama ukoko wa tui uliogandia sufuriani. Alikuwa akiuona siku nyingi akijiambia ni joto, ni uzee, ni meno ya bandia. Usiku huo hakumwambia mtu. Alilia peke yake, akaona haya kulia kwa ajili ya ulimi.

Binti yake Jalila ndiye aliyempeleka kwa daktari. Jalila ni mwanawe wa pekee. Anafanya kazi Kipevu, kwenye ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini, na alirudi nyumbani kwa wazazi baada ya ndoa yake kuvunjika. Ni mwanamke anayejua kontena lipi limekwama na limekwama kwa nini, lakini mpaka hapo hakuwahi kubandika mofa hata moja. Si kosa lake. Alipokuwa mdogo mamake alimwambia, "Wewe soma," akasoma. Watu tunawafukuza watoto jikoni kwa mapenzi, kisha tunawalaumu kwamba hawajui jiko.

Daktari, huko Kongowea, alikuwa binti mpole aitwaye Mueni. Aliutazama ulimi kwa tochi, akampima damu.

"Mama, hii ni kuvu ya mdomoni," akasema. "Na sukari yako imepanda kidogo. Si ya kukutisha, lakini kuvu hupenda sukari kuliko mtoto. Nakupa dawa ya matone. Uiweke mdomoni, uizungushe, uimeze. Baada ya hapo usile wala usinywe kwa muda. Na chakula nacho tukibadilishe."

"Tukibadilishe vipi, mwanangu?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Sukari, basi. Asali, basi. Tende, halua, kashata, soda na sharbati, vyote basi. Unga mweupe, basi. Maembe mabivu na ndizi mbivu aviweke kando kwanza. Siki na achari pia. Na chochote kilichoumuliwa, mahamri, vitumbua, mkate wa sinia, mkate wa dukani.

"Kuhusu hamira, mama, sisi wenyewe wataalamu hatujakubaliana," daktari akaongeza kwa uaminifu. "Sukari ndiyo nina hakika nayo. Lakini hebu tuiache na hamira kwa muda, tuone."

"Na mofa?" Bi Nadhira akauliza, sauti imepungua.

"Mofa ina chachu?"

Bi Nadhira aliitikia kwa kichwa.

"Basi na mofa, mama. Kwa muda tu. Usiile."

Usiile. Neno hilo alilishika vizuri sana, na mtaliona lilimfikisha wapi.

Alichoruhusiwa nacho kilikuwa kingi. Samaki wa kuchoma na wa kupaka, kuku, mayai, nazi na tui lake, bamia, biringani, tango, parachichi, ndimu, kitunguu thaumu kadiri apendavyo, na mboga za majani mpaka achoke. Nyamvula alifurahi kuliko mtu yeyote. Kila asubuhi alileta fungu la mchicha, na fungu la mtsunga, hilo jani chungu la kwao Ugiriama ambalo Bi Nadhira alikuwa akilikwepa tangu wajuane.

"Kula, Mama Jalila. Hili halina sukari hata ulitafute kwa taa."

"Nyamvula, wewe umepata mteja au umepata mateka?"

Halafu yakaja maziwa lala. Daktari aliyaruhusu, mradi yasitiwe sukari, na hilo lilimkera Bi Nadhira mno. Maziwa yamechacha, ruhusa. Unga umechacha, marufuku. "Hii ni sheria ya nchi gani?" aliuliza. Chai ya mkandaa, ile ya rangi, aliinywa bila sukari, akikunja uso kama anayemeza mwarobaini, ingawa kwa hakika hakuisikia ladha. Alikunja uso kwa kanuni.

Mzee Jamaludin aliapa kwamba atakula anachokula mkewe. Alikuwa mwendesha kreni Kipevu maisha yake yote ya kazi, akipanda kule juu na mofa mbili kwenye kitambaa, na alisema mtu aliyelishwa hivyo hawezi kumwacha mkewe ale mchicha peke yake. Maneno matamu. Siku ya tatu akaanza kutoka asubuhi "kunyoosha miguu," na miguu ikanyooka mpaka kwenye kibanda cha Winfred, mpika mahamri na mbaazi. Alirudi ndevu zinang'aa mafuta, ananuka iliki. Bi Nadhira alimwangalia tu. Pua yake ilikuwa nzima.

Kilichomuumiza hakikuwa njaa. Alishiba. Kilichomuumiza ni kwamba kila alichokatazwa kilikuwa na mtu wake. Halua ilikuwa ya babake, akirudi nayo usiku wa Maulidi imefungwa kwenye kijamanda cha ukindu. Achari ilikuwa ya shangazi yake aliyeanika maembe juu ya dari, akiwafukuza kunguru kwa fimbo na kuwatusi kwa majina ya mawifi zake. Mkate wa sinia ulikuwa wa asubuhi ya Idi, watoto wamevaa nguo zinazowasha. Na mofa ilikuwa ya mamake. Akikaa kibarazani jioni na bakuli lake la bamia, alikuwa akiwapitia wote mmoja mmoja, na alikuwa anawataka. Alimwambia mumewe hivyo hivyo, bila kuficha: "Baba Jalila, nawataka watu wangu." Mzee alimshika mkono, na kwa siku mbili hakwenda kwa Winfred.

Basi akashika sharti. Wallahi alilishika, hakuna aliyemwona akitia mdomoni tende wala tonge la hamri. Mwezi ukapita, na wa pili ukaingia. Utando ulimini uko pale pale.

Jalila akaanza kupekua. Alinusa vikombe vya chai. Alimshika babake kwa maswali kama askari wa forodha. "Baba, humletei mama vitu?" Mzee akaapa kwamba vitu anavyovileta anavileta tumboni mwake mwenyewe. Jalila akachoka, akasema huenda dawa ni mbovu, huenda daktari ni mchanga. Bi Nadhira alikuwa akisikiliza, na hofu inamkaa kifuani. Hakuogopa kufa. Aliogopa kubaki hivyo, hai, na asiijue tena mofa ya mamake. Kila siku iliyopita bila ladha aliiona ile ya zamani inamponyoka kidogo, nayo haikuandikwa mahali.

Siku moja Jalila hakwenda kazini, mafua yamemshika. Baada ya sala ya alfajiri alitoka kwenda jikoni kuchemsha maji ya ndimu. Akamkuta mamake ameinama juu ya jungu. Kidole cha shahada kinatoka kwenye unga. Kikaenda moja kwa moja ulimini. Bi Nadhira akafumba macho, akatafutatafuta kwa ulimi, akatema kwenye kopo. Kisha akachukua maji, akasukutua, akatema. Akasukutua tena, akatema. Mara tatu, barabara, kama mtu atiaye udhu.

"Mama!"

Bi Nadhira hata hakushtuka. "Umeamka? Sogeza hilo kopo."

"Mama, unafanya nini?"

"Naangalia chachu."

"Umekatazwa kula!"

"Nani aliyekula? Nimeonja, nikatema, nikasukutua. Kuonja si kula, Jalila. Hata Ramadhani mpishi huonja mchuzi kwa ncha ya ulimi akatema, na saumu yake haiharibiki. Mungu ameruhusu, daktari akatae?"

Jalila alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akashika kichwa. "Kila siku, mama?"

"Kila siku. Isipoonjwa itajuliwa vipi? Nikiiacha itakufa au itaharibika."

"Lakini ladha huisikii."

"Siisikii," akakiri Bi Nadhira. "Ndiyo maana naonja. Nasema labda leo."

Jalila akauliza jambo moja la mwisho, polepole, kwa maana alikuwa ameshalikisia. "Na ile dawa ya matone, unaitia saa ngapi?"

"Mara tu baada ya sala. Kabla ya kuja huku."

Sikuambii jinsi walivyochekeana na kugombana asubuhi ile, mpaka Mzee Jamaludin akatoka na bakora akidhani mwizi ameingia. Saa nne walikuwa mbele ya Daktari Mueni. Daktari alisikiliza kisa chote, akajikaza asicheke, akashindwa.

"Mama yangu, saumu yako iko salama kabisa," akasema. "Ila huu si ugonjwa wa tumbo, hata useme madhali sikumeza nimesalimika. Ugonjwa uko hapo hapo ulimini. Wewe kila alfajiri unautia dawa, kisha unaupaka unga, kisha unaiosha dawa yote kwa maji safi. Dawa haijakaa mdomoni mwako hata siku moja."

Bi Nadhira alitazama sakafu. Aliona aibu kama mtoto. "Sasa nifanye nini?"

"Usionje. Tukianza upya leo, ulimi wako naamini utapona. Lakini kidole kisiingie tena mdomoni."

Walipofika nyumbani Bi Nadhira akaenda jikoni, akasimama mbele ya jungu. Mambo yalikuwa wazi. Akiendelea kuonja, ulimi haurudi, na ladha inakufa naye. Akiacha kuonja, jungu linakwenda bila mwenyewe, na nani ajuaye, mpaka ulimi urudi, litakuwa limekuwa kitu gani. Nyamvula aliyekuja na mboga alimkuta amesimama vile vile.

"Mwaga tu, Mama Jalila," Nyamvula akasema kwa huruma. "Ukipona utaanza nyingine."

"Nitaanza na nini? Wa kuombwa chachu amebaki nani?"

Jalila alikuwa mlangoni, pua nyekundu kwa mafua. "Nitaonja mimi," akasema.

Bi Nadhira alimtazama. Nisiwafiche, alichokiona hakikumpa moyo. Ulimi ule ulikuwa umelelewa kwa soda, kwa krisps za pilipili na kahawa ya mashine ya ofisini. Lakini ndio uliokuwepo.

Alimwanzisha mafua yalipokwisha. Kila alfajiri mama anakaa kwenye kigoda na dawa yake mdomoni, hawezi kusema mpaka muda wake upite, na binti anachovya kidole.

"Kali," Jalila anasema.

Mama anazungusha mkono: endelea.

"Kali tu, mama. Kali ni kali."

Dawa ikishamezwa, ndipo maneno yanapotoka. "Kali ya nini? Kuna kali ya ndimu, inakuchoma mbele. Kuna kali ya embe bichi, inakukereza meno. Kuna kali ya ukwaju, hiyo inakuvuta mashavu, kisha inakuachia, kisha inakuja tamu. Wewe uko wapi?"

"Embe bichi."

"Bado hiyo. Funika."

Mofa za kwanza zilianguka motoni kama mende. Jalila alikuwa akirudisha mkono kabla ya mkate kushika ukuta. "Usiuogope," mamake akimwambia, "ukiuogopa utakuunguza zaidi." Akaungua kiwiko, akaungua nyusi, akatukana kwa maneno ya bandarini ambayo babake aliyatambua na kujifanya hakuyasikia. Mzee ndiye aliyekula makosa yote. Alikaa pale na mofa nyeusi nusu, mbichi nusu, akatafuna kwa subira. "Nimekula chakula cha gatini," akasema. "Hiki kina afadhali. Kidogo."

Muda ukaenda. Jalila alianza kuamka bila kuamshwa. Alianza kuliwaza jungu akiwa ofisini, akapiga simu saa sita mchana: "Mama, kuna joto leo, lisogeze mbali na dirisha." Bi Nadhira alilisogeza. Aliweka simu chini akacheka peke yake, kisha moyo ukamchoma. Sauti ile ya kuamuru ilikuwa yake yeye, na kabla yake ilikuwa ya mamake. Alifurahi na aliona wivu, vyote pamoja, na hakujua kipi kimetangulia.

Ulimi ulirudi kwa mlango ambao hakuutarajia. Alikuwa anakula na Nyamvula kibarazani, mtsunga wa tui na samaki mkavu, anatafuna tu kama alivyozoea, na ghafla akasita. Uchungu. Uchungu wa jani lile ulimpanda nyuma ya ulimi, mbaya, mkali, wa kweli.

"Nyamvula, hili jani lenu baya," akasema, na machozi yanamtoka. "Baya sana."

"Si nilikwambia halina sukari?"

"Baya mno, Nyamvula. Nipe lingine."

Baada ya hapo zikaja moja moja. Chumvi ya samaki. Ndimu. Utamu wa nazi, ambao alikuwa amesahau kwamba ni utamu. Daktari Mueni alimulika tochi akasema ulimi ni safi, ila sukari aendelee kuikimbia, na mofa kipande kimoja kimoja hakina neno. Bi Nadhira hakukila siku ile. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na nyumbani kwao siku ya kuvunja jungu, ile ya mwisho ya kula mchana kabla ya kufunga, mofa haikuwahi kukosekana. Alisema anaingoja siku hiyo. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Siku yenyewe Jalila aliwasha tanuri asubuhi. Alionja, akafumba macho, akasema, "Haya." Bi Nadhira alilisikia neno hilo toka sebuleni. Akaenda akakaa kwenye kigoda chake. Jalila alibandika ya kwanza, ikashika. Akaibandua kwa wakati wake, akaipuliza, akaimega, akampa mamake kipande. Mzee Jamaludin alikuwa amesimama mlangoni, hata redio ameizima.

Bi Nadhira alikitia mdomoni. Akafumba macho, akangoja Kibokoni.

Ukaja uchachu, ukamvuta mashavu, ukamwachia. Ukaja moshi. Ukaja mtama, na nyuma yake tui kwa mbali. Ilikuwa mofa nzuri, laini ndani, ngumu ukingoni. Alitafuna mpaka ikaisha, akakaa anangoja bado. Miezi yote ile alikuwa akiungoja ulimi urudi umwambie ladha ya mofa ya mamake. Ulimi ulikuwa umerudi, mzima, na ulikuwa unamwambia ladha ya mofa ya Jalila.

"Ndiyo yenyewe, mama?" Jalila akauliza.

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliye hai ambaye angembishia. Lakini tangu utotoni hakuwahi kusema uongo mbele ya jungu lile, na hakutaka kuuanza uzeeni.

"Siyo," akasema.

Uso wa Jalila ukasawijika.

"Si ya nyanyako. Ile imekwenda, mwanangu." Na hapo akalia waziwazi, mbele ya mumewe na bintiye, akijifuta kwa leso.

"Basi niambie nimekosea wapi," Jalila akasema, amepiga magoti mbele yake. "Niambie, nitarekebisha. Ni tui? Ni moto? Nimeiwahi?"

Bi Nadhira alifungua mdomo amwambie. Alitafuta neno, akalikosa. Akatafuta ladha yenyewe, ile aliyoilinda miaka yote, akakuta mahali pake pana kipande alichotoka kukimeza sasa hivi.

"Sikumbuki," akasema polepole. "Najua siyo. Lakini ile ilikuwaje, sikumbuki tena."

Ndani ya tanuri mkate wa pili ulikuwa umeanza kunukia, na Jalila hakuinuka kuubandua. Bi Nadhira alimshika bega, akamsukuma kidogo kuelekea motoni.

"Bandua, inaungua. Kisha peleka kwa Nyamvula ingali na moto," akasema. "Na kesho uipike tena hii hii, tufuturie. Nataka niizoee."